Sauti ya Roboti Malaba

Kabla ya kushika maikrofoni, mtafsiri wa filamu katika ukumbi wa video pale Malaba hupangusa viganja kwenye suruali, kisha hukohoa kidogo kama padri anayeanza misa. Sauti yake ya kawaida ni ndogo, lakini filamu ikianza, akiwatafsiria wahusika wote papo hapo, inakuwa ya watu kumi. Jumamosi moja mchana alileta filamu mpya ya maroboti, na madereva wa malori waliokuwa wakisubiri kuvuka mpaka wakanung'unika. "Boss, tuwekee ya ngumi," alisema Otukei, mteja wake wa kila wiki. "Hizi za maroboti ni za watoto." Mtafsiri alicheka tu. Filamu hiyo alikuwa ameitazama mara nne nyumbani, na moyo ulimwambia itawanasa.

Mji wa kwenye filamu ulipoanza kufurika, aliyaacha kabisa maneno ya Kiingereza, akayahamishia mafuriko yale Budalang'i, kando ya Mto Nzoia. "Nzoia imevunja kingo! Watu wa Budalang'i, pandeni juu!" Ukumbi mzima ukainuka. Mama mmoja muuza dagaa wa omena akapiga ukelele, "Chukua watoto kwanza!" Mtafsiri hakusita, akamjibu kwa sauti nzito ya roboti: "Sawa mama, nawaona. Wako wangapi?"

"Watatu!"

Kwenye skrini, mkono wa chuma wa roboti ukazama majini, ukamwinua mtoto mmoja, halafu wa pili. Madereva walihesabu kwa pamoja, na aliyepaza sauti ya "tatu!" kuliko wote alikuwa Otukei, amesimama juu ya benchi.