Breki Niliyomficha Shemeji Yangu

Mimi ndiye niliyemkata mguu shemeji yangu. Sikushika shoka wala panga. Nilinyamaza, tena kwa makusudi, na mpaka juzi juzi watu wa kijiji chetu walikuwa wananiita dereva hodari. Msinionee huruma, ndugu zangu. Mkifika mwisho mtaona sistahili.

Mimi ni dereva wa gari la kijiji. Kijiji chetu cha ujamaa kiko ufukweni mwa ziwa, ng'ambo ya kivuko ukitokea Mwanza mjini. Gari lenyewe ni pikapu. Lilikuja na injini ya petroli, na petroli ilipoadimika likawekwa bandani mpaka kuku wakataga ndani yake. Dizeli tulikuwa tunapata kidogo kwa ajili ya trekta. Basi mkutano ukaamua injini ya petroli itolewe, ifungwe ya dizeli iliyotoka kwenye gari lililopinduka.

Kazi ilifanywa na fundi mmoja wa Igoma, upande wa mjini. Alipomaliza aliniita, akafungua boneti.

"Sikiliza, dereva," akasema. "Ile injini ya petroli ilikuwa inavuta hewa, na mvuto ule ndio uliokuwa unausaidia mguu wako kwenye breki. Hii ya dizeli haivuti. Breki itakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe. Kuna pampu ya kuvuta hewa inatakiwa ifungwe hapa, ila kwa sasa sina. Waambie wenzako. Na usishuke mteremko na mzigo mzito mpaka urudi nikufungie."

Nikamwambia nimesikia. Nilisikia kweli, neno kwa neno. Kijijini sikumwambia mtu.

Mwanzoni nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya pamba. Msimu umefika, magunia yamejaa ghalani, nani atasubiri pampu? Nikajifunza kuishi na lile gari. Nikiwa bado mbali na mteremko naanza kupunguza gia, halafu nakanyaga breki kwa miguu yote miwili, mgongo nimeubana kwenye kiti. Nikazoea.

Baada ya kuzoea nikaanza kuona utamu wake. Siku moja katibu wa kijiji alijaribu kulisogeza akaponea chupuchupu kubomoa ghala. Watu wakacheka, wakasema gari hili linamjua mwenyewe. Wakalipa jina, Jeuri. Mimi nikavimba kichwa. Nikipita watoto wanaliita kwa jina. Kina mama wakipata samaki, sato mnono, wananiwekea. Nikichelewa mkutanoni, mwenyekiti anasema tumsubiri dereva.

Na kulitunza nililitunza, hilo siwezi kujinyima. Kila asubuhi nilimwaga maji yaliyojikusanya kwenye chujio la dizeli. Nilikaza bolti, maana injini ile ilikuwa inatetemesha gari zima mpaka taa zinalegea. Nilikwenda kuongezewa chuma kwenye springi za mbele kwa sababu ya uzito wake. Niliwahi hata kurudi Igoma kutafuta bomba la moshi, na fundi akaniuliza habari ya pampu. Nikamwambia kijiji bado hakijaafiki. Mwongo mkubwa mimi. Kijiji kilikuwa hakijui hata kama kuna kitu kinaitwa pampu.

Halafu akaja Masanja.

Masanja ni mdogo wake mke wangu, Kabula. Alihamia kwetu wakati watu wanahamishiwa vijijini, akapewa trekta aendeshe. Kijana mpole, mchapakazi, hata matusi hayajui. Mkutano ukamchagua awe dereva wa pili wa pikapu ili mimi nipumzike. Nipumzike! Nani aliwaambia nimechoka? Nilirudi nyumbani nimefura, nikamfokea Kabula kwa sababu ya chumvi kwenye mboga, na mboga haikuwa na tatizo lolote.

Nilimfundisha Masanja kazi. Kutoa hewa kwenye bomba la dizeli, kumwaga maji, kuegesha kwenye mwinuko betri ikiwa imelala ili gari liwake kwa kuteremka. Alishika upesi kuliko nilivyopenda. Siku ya kwanza tu, tukiwa uwanjani na gari tupu, akaniuliza, "Shemeji, mbona breki ni ngumu hivi?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na mimi nikaufunga. Nilimjibu, "Gari la dizeli ndivyo lilivyo. Kaza mguu, wewe si mwanaume?"

Akacheka, akakaza mguu. Uwanja ulikuwa tambarare, gari likasimama.

Ikafika siku mwenyekiti akasema Masanja ndiye atakayevusha pamba kwenda kiwandani, mwacheni azoee. Njia ile ina mteremko mrefu unaoishia majini, pale kivuko kinapotia nanga. Nilijua. Nilikuwa nimeushuka mteremko ule nikitokwa jasho na gari limebeba nusu ya mzigo waliokuwa wanaupakia asubuhi ile. Badala ya kusema, nilikwenda nyumbani nikajifunika blanketi.

"Baba Milembe, unaumwa?" Kabula akaniuliza, akiniita kwa jina la mtoto wetu kama kawaida yake.

"Homa," nikasema.

Masanja akapita kuaga. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka, shemeji. Pole na homa. Kuna neno lolote la kuniambia kabla sijaondoka?"

"Njia unaijua," nikamjibu, uso nimeugeuzia ukutani.

Niwaambieni nilichokuwa nakitaka, maana kuungama nusu ni upuuzi. Nilitaka aaibike. Nilidhani akifika juu ya mteremko ataogopa, atasimamisha gari, atatuma mtu aje kuniita. Mimi ningeinuka na homa yangu ya uongo, niende kulishusha mbele ya watu wote. Hata maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayapanga.

Hakuogopa. Kwa nini aogope, wakati mwalimu wake alimwambia kinachotakiwa ni kukaza mguu tu? Alishuka. Chini walikuwepo kina mama na vikapu vya dagaa, wamejipanga wanasubiri kivuko. Walioona wanasema alikuwa amesimama kabisa juu ya breki, mishipa ya shingo imemtoka, na gari linazidi kwenda. Akapiga honi. Alipoona hawatawahi kutawanyika, akakata usukani akalipeleka kwenye majabali ya pembeni. Magunia yalikuja mbele yote kwa pamoja. Mguu wa kulia ulibanwa chini ya usukani, na hospitali wakaukata juu ya goti.

Kina mama wote walipona. Mkutano ulikaa, ukasema ni uzembe wa dereva. Mimi nilikuwepo, nimekaa mstari wa mbele. Wakasema si mnaona, gari lile ni la mtu mmoja. Wengine wakanipa mkono.

Nilikwenda hospitalini na machungwa. Masanja alinishika mkono akasema, "Samahani, shemeji, nimekuvunjia gari. Nilikaza mguu kama ulivyonifundisha. Sijui nilikosea wapi."

Nikamenya chungwa, nikampa. Nilimenya kwa utulivu kabisa. Nikiikumbuka mikono yangu ilivyotulia siku ile natamani kuivunja.

Gari lilivutwa mpaka Igoma. Safari hii fundi alikuwa na pampu, akaifunga bila kumuuliza mtu. Nilipokwenda kulichukua, Masanja alikuwa ameruhusiwa, akaomba tufuatane. Alikuja na magongo yake. Injini ikiwa inanguruma akaomba apandishwe kwenye kiti cha dereva, aguse tu. Akaweka mguu wa kushoto kwenye breki, ndio huo aliobaki nao. Ukazama bila nguvu.

"Mbona laini hivi?" akauliza.

"Nimefunga pampu," fundi akasema. "Dereva si alikueleza? Nilimwambia tangu siku ya kwanza." Akanigeukia.

Nikasema, "Aliniambia. Mimi sikukwambia."

Masanja hakupiga kelele. Aliendelea kukanyaga ile breki na kuiachia, kukanyaga na kuiachia. Kisha akasema, "Uliniambia nikaze mguu." Nikanyoosha mikono nimshushe. "Nishike wewe, fundi," akasema.

Nilisimama mkutanoni nikayasema yote, hata homa ya uongo. Baadaye mwenyekiti, bila kunitazama, akasema pamba inaharibika ghalani na hakuna mwingine mwenye leseni anayeweza. Wakanirudishia ufunguo. Basi ndiyo nimebaki dereva peke yangu, kama nilivyotaka. Sato hakuna tena.

Wewe uliyepewa gari la watu, hasa haya tunayoyabadilisha injini ili maisha yaende, ukijua ugonjwa wake useme. Mwambie atakayekaa kwenye kiti chako hata kama humpendi, hata kama amekuja kukunyang'anya cheo. Cheo chenyewe ni upuuzi. Gari sasa linasimama kwa kidole gumba cha mguu, na yeyote kijijini angeweza kuliendesha. Masanja angeweza.

Kabula hajaondoka. Ananipikia, ananifulia. Ila jina la Baba Milembe silisikii tena kinywani mwake. Chakula kikiiva anasimama mlangoni, anaangalia pembeni, anasema, "Dereva, njoo ule."