Kitu Juu ya Paa Langu

Niliondoka Kibera kwa sababu ya mdomo wa Mama Zuhura. Yeye ni Mnubi, jirani yangu hapa Kisumu Ndogo, kijiji kimoja cha Kibera, tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Ndege ndogo za kushuka uwanja wa Wilson hupita juu ya mabati yetu, na miaka yote hiyo tumeziinulia vichwa kama kuku walioona mwewe. Basi mjukuu wangu Nafula, anayepika kwenye kambi ya watalii huko Maasai Mara, aliponiita nikakae naye siku tatu, niende na lori la mboga na nirudi naye kwa ndege maana kulikuwa na viti vitupu, Mama Zuhura alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Barasa, ndege ni za wazungu. Wewe utaenda kwenu Bungoma na basi, urudi na hadithi."

"Nitapita juu ya kichwa chako," nikamwambia.

"Sawa. Siku ya kurudi nitaweka kitu juu ya paa lako. Ukifika uniambie ni nini. Ukishindwa, usinitajie ndege mpaka nizikwe."

Shule niliacha darasa la tatu, lakini neno langu halijawahi kurudishwa kama omena mbovu. Nikakubali.

Siku ya mwisho huko Mara, jua likichomoza, Nafula aliniletea chai nje ya hema. Simba nilikuwa nimemwona jana yake, amelala chali kama mlevi wa Jumapili, sikuona cha kuogopa. Ndovu ndio walionishika. Walikuwa wanavuka mto mbele yetu, na yule wa mbele, jike mzee, kila hatua anasimama kuwangoja wengine.

"Huyo ndiye nyanya yao," Nafula akasema.

"Naona. Hakuna anayemuuliza kama anasema kweli."

Saa nne tulikuwa uwanja wa ndege. Uwanja wenyewe ni nyasi zilizofyekwa tu. Gari lilitangulia kufukuza punda milia, kisha msichana mmoja wa sare akaniwekea mizani miguuni.

"Mama, panda nijue kilo."

"Kilo uliza viazi. Mimi siuzwi."

"Ni ya ndege, mama, isilemewe."

Nikapanda. Aliandika bila kusoma kwa sauti, na kwa adabu hiyo nilimwombea mume mzuri.

Ndani ya ndege, dirisha la kulia lilikuwa limekaliwa na mzungu mzee, mwekundu kwa jua. Nafula alimweleza kwa Kiingereza kwamba nyanya yake anatafuta nyumba yake. Akasimama papo hapo. Nikamwambia asante, akanijibu, "Jambo." Sikumwambia kwamba hilo si jibu. Kiti alikuwa amenipa.

Ndege ilipoacha ardhi nilifumba macho nikaomba kwa Kibukusu, maana Mungu hunisikia haraka zaidi hivyo. Nafula akanigonga bega. "Kukhu," akasema, hivyo ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya, "sasa ukifumba utaona nini?"

Nikafumbua. Tulishapita vilima vya Ngong.

"Pale chini ni Kawangware," akanionyesha. "Ile ni stage ya matatu ya 56, na plot ninakopanga chumba iko nyuma ya soko."

Niliona soko, watu kama siafu waliopata sukari. Halafu nikaona reli. Reli ile ningeijua hata usingizini, nimeivuka na watoto wanne mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Nikaifuata kwa kidole. Kule maghorofa mapya ya Soweto East, huku mabati yetu, kahawia, yamebanana kama meno. Miaka yote nilidhani Kibera ni kubwa. Ilienea kwenye kiganja changu.

Nikaliona paa langu. Bati moja la buluu, nililopigilia mwenyewe upepo ulipong'oa la zamani, na yale matairi mawili ya kulikandamiza, moja likiwa limeteleza. Basi. Hakukuwa na leso, hakukuwa na sufuria, hakukuwa na kitu. Nikapepesa macho, mabati yakawa yameshapita.

Wilson tulishuka nikikokota miguu. Nafula alijua sikuwa nimeona kitu.

"Kukhu, si nipigie mtu simu, aulize ni nini kiliwekwa?"

"Weka simu," nikamwambia, ingawa nilichelewa kidogo kusema hivyo.

Saa saba tulifika nyumbani. Mama Zuhura alikuwa ameketi mlangoni kwake, leso nyekundu imekunjwa magotini. Hakunisalimu.

"Haya. Kulikuwa na nini?"

Ile leso ilikuwa mbele ya macho yangu. Ningesema leso nyekundu, mambo yangeisha hapo. Ulimi ulikuwa umeshaanza kujikunja.

"Hakukuwa na kitu," nikasema. "Ni bati langu la buluu na matairi yangu mawili. Moja limeteleza, liko karibu kumwangukia mtu."

Mama Zuhura alimtazama Nafula. Nafula akaegemeza ngazi ukutani, akapanda, akachungulia. "Ni kweli," akasema kutoka juu. "Moja limefika ukingoni."

Mama Zuhura akaikunjua leso, akaikunja tena.

"Goti lilinikatalia," akasema. "Nilipanda ngazi hatua mbili, nikashuka. Nimekaa hapa tangu asubuhi nikiogopa utakuja kunidanganya. Ungesema kitu chochote, mimi na wewe tungekuwa tumekwisha."

Nikavuta stuli nikaketi karibu naye, nikamsimulia yote, ndovu, mizani na reli.

Nilichotoka nacho Mara ni hiki: ukiona kitupu, sema kitupu. Ndege zinapita bado, na sisi bado tunainua vichwa. Lakini Mama Zuhura hasemi tena kwamba ni za wazungu. Watoto wakipiga kelele huwaambia, "Nyamazeni, kuna mtu huko juu anatafuta paa lake."