Hekalu la Mama Duka

Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili, nilishuka Karatu mjini nikiwa na mizigo ya Krismasi, nikamwomba dereva anisubiri kidogo. Nilitaka kuona mahali palipokuwa na duka la Mama Duka. Nilikuta sehemu ya kuoshea magari ya watalii, povu linatiririka hadi barabarani juu ya ule udongo wetu mwekundu. Kijana mwenye mpira wa maji akaniuliza, "Sista, unatafuta nani?"

"Hapa palikuwa na hekalu," nikamwambia.

"Hekalu? Hapa?" Akacheka, akaendelea kuosha. Sikumlaumu. Angejuaje?

Ngoja nikusimulie wewe, basi.

Tulipokuwa watoto, hapo palikuwa na duka la bati lenye baraza ya saruji. Ukiingia, pua yako ilikutana kwanza na mafuta ya taa, halafu sabuni ya mche, halafu bizari, na mwisho kabisa ubani kutoka chumba cha nyuma. Mwenyewe alikuwa bibi wa Kihindi, mjane, mwembamba, anayevaa sari nyeupe na sweta la kijivu juu yake, maana baridi ya Karatu mwezi wa saba haimjali mtu kabila lake. Wote tulimwita Mama Duka. Bibi yangu, aliyenilea, alimpelekea maziwa kila asubuhi, nami nikibeba mayai kwenye kikapu chenye pumba. Wakishamaliza biashara yao, bibi alikaa barazani, Mama Duka akaleta chai ya tangawizi, wakaanza kuitana "jirani, jirani" mpaka jua linapanda.

Siku moja ya ukungu, Mama Duka alitusimulia habari za kwao. Alizaliwa chini ya mlima wenye hekalu la zamani sana, lililojengwa kabla hata ya babu wa babu yake. Alisema mfalme mmoja alimtaka binti mchunga mbuzi kwa nguvu. Binti akakimbia, akapanda mlima, njia ikaishia kwenye jabali. Akalipiga kwa kiganja, akasema, "Mama, nifungulie." Jabali likafunguka, akaingia, likajifunga. Mfalme alipofika alikuta upindo wa nguo tu umebanwa nje, na alipoushika ukageuka jiwe mkononi mwake. Ndipo watu wakajua kwamba yule hakuwa mchungaji wa kawaida, alikuwa Mungu Mama mwenyewe. Wakajenga hekalu kuuzunguka ule upindo. Ndani hamna sanamu nyingine, ila jiwe lenye mikunjo.

Bibi yangu alikuwa mwanakwaya wa kanisani, tena wa kutegemewa, lakini hakutikisa kichwa kwa dharau. Alipuliza chai yake akasema, "Hata wazee wetu Wairaqw, kabla ya kanisa, walimwita Mungu Looa. Na Looa ni mama."

"Kweli, jirani?"

"Kweli."

Mama Duka akaweka kikombe chini. Kisha akasema kwamba alipoolewa na kuondoka kwao, aliahidi mbele ya lile jiwe kuwa atarudi. Hakurudi. Mume akafa, miguu ikavimba, bahari ikawa mbali. "Sasa mimi taka jenga dogo, hapa nyuma. Iko kila kitu. Jiwe tu hakuna."

"Jiwe la mikunjo ninalo," bibi akasema. "Liko shambani kwangu Daa. Limeshavunja plau mbili."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Fundi alikuwa mzee wa Singida aliyekuja kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa akalowea. Picha haikuwepo, kwa hiyo Mama Duka alichora kwa unga wa ngano juu ya sakafu ya duka: hapa ukumbi, hapa nguzo, hapa chumba cha ndani kisicho na dirisha. Mnara uwe unapanda ngazi kwa ngazi, ukichongoka hadi juu. Fundi akazunguka ule mchoro, akajikuna kidevu.

"Mama, hiki mbona ni kichuguu?"

Mama Duka akacheka mpaka akashika ukuta. "Sawa kabisa! Kichuguu! Lakini ile mlango iwe fupi. Tajiri, maskini, yote inama."

Kuta zikapanda kwa tofali za kuchoma, msingi kwa mawe meusi ya kwetu. Mlango ulitazama mashariki. Jiwe likaja kutoka Daa kwa mkokoteni wa maksai, watoto tukilisindikiza kwa kelele. Lilipowekwa chumbani, Mama Duka alilipitishia kiganja, mkunjo baada ya mkunjo, akalia kimya kimya. Halafu akalipaka rangi nyekundu na kulifunika kitambaa chenye nyuzi za dhahabu.

Kila jioni kabla ya kufunga duka aligonga kengele ya shaba, akazungusha taa ya samli mbele ya jiwe, akiimba kwa sauti nyembamba. Akitoka alilizunguka hekalu, mkono wa kulia ukiwa upande wa ukuta. Sisi tulisubiri nje, sikufichi, kwa sababu ya kilichofuata: nazi, ndizi na kashata za maziwa, alizotugawia viganjani. Alisema Mungu Mama hali chakula peke yake.

Maneno yakafika kanisani. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani jioni, tukiwa tunakula makande. Hakukaa.

"Mama, tumesikia umetoa jiwe kwa ajili ya sanamu."

"Nimetoa jiwe lililonivunjia plau," bibi akajibu. "Yeye analiita nini, hilo ni lake na Mungu."

"Basi utakaa nje ya kwaya, na meza ya Bwana usiikaribie, mpaka utubu."

"Nitubu nini? Ujirani?"

Mzee akaondoka. Jumapili ile bibi alivaa kitenge chake cha kwaya kama kawaida, ila alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango unaoingiza upepo. Nilikaa naye. Kwaya ilipoimba nilimtazama, naye akanigeuza uso kwa mkono. Nyumbani aliacha kuimba akikamua ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walishangaa, wakawa wanageuka kumtazama. Maziwa aliendelea kupeleka, chai akaendelea kunywa, na kwa Mama Duka hakusema hata neno moja.

Aliyemwambia Mama Duka ni fundi. Jumapili iliyofuata, wimbo wa kwanza haujaisha, Mama Duka akaingia kanisani. Alivua viatu mlangoni, akasogea kwenye benchi letu, akakaa ubavuni mwa bibi. Kanisa zima liligeuka. Alikaa wima hadi mwisho, akisimama tuliposimama. Watu walipotoka, mzee wa kanisa alimfuata.

"Mama Duka, karibu. Umekuja kusali?"

"Mimi nakuja kaa na jirani. Nasikia nyinyi weka yeye nyuma. Basi mimi pia nyuma."

Mzee akaangalia viatu vyake. Bibi akaangalia milima. Nilimwona mama mmoja wa kwaya akifuta macho kwa ncha ya kanga.

Alikuja tena Jumapili nyingine, na nyingine tena, duka likiwa limefungwa. Mwishowe mchungaji, mtu wa maneno machache, alishuka hadi benchi letu katikati ya ibada. Akamshika bibi mkono. "Mama, sauti ya pili imepwaya. Rudi mbele." Habari ya kutubu hakuna aliyeitaja tena. Siku hiyo bibi aliimba mpaka jasho likamtoka, na Mama Duka, asiyejua hata neno moja la wimbo, alipiga makofi nje kabisa ya mdundo.

Miaka ikapita. Mtoto wa kiume wa Mama Duka akamhamishia Arusha kwa ajili ya matibabu ya miguu. Jiwe alikataa libebwe. Alisema Mungu Mama akishaingia mahali hafukuzwi na safari za watu. Ufunguo akamwachia bibi yangu. Bibi hakuwasha taa wala kugonga kengele. Alifagia tu, kila Jumamosi, kama mtu anayefagia uwanja wa jirani aliyesafiri.

Nilikuwa na bibi pale hekaluni siku yule mtoto wa Mama Duka alipokuja kutueleza kuwa mama yake amefariki. Bibi aliketi kwenye kizingiti cha ule mlango mfupi.

"Mmemzika wapi, nije?"

"Sisi hatuziki, mama. Tulimchoma. Majivu tuliyapeleka mtoni."

Kwetu mtu ana kaburi. Unalipalilia, unalisemesha, unajua alipo. Bibi akainuka, akachukua fagio, akaanza upya kufagia mahali alipokwisha kufagia.

"Basi nitamtembelea hapa," akasema.

Alimtembelea hadi nguvu zilipomwisha. Kiwanja kiliuzwa baada ya bibi kufariki, na nasikia mnara ulibomolewa kwa asubuhi moja. Bibi yangu amelala Daa, kaburi lake limesakafiwa vizuri, na kila Desemba tunaliosha. Nikiliosha huwa namfikiria yule jirani yake asiye na kaburi, na sijui niiname wapi.