Kichezo Kilicholia Kama Foni

Tulikuwa wanne mchana ule: mimi, mwanangu Ilunga aliyekuwa akitengeneza redio, mdogo wake Kyungu aliyekuwa bado mtoto, na jirani Mama Ngoie, mwenzangu wa kwaya. Niliukumbuka mchana huo juzi, simu ya mjukuu wangu ilipolia ti-ti-ti.

Vita ilikuwa imeanza. Ilunga alifungua kichezo cha mkononi cha betri, akakiunga kwa waya na spika ya redio ya zamani. Nyumba ilinuka bati la kuungia nyaya. Alipobonyeza, kikaimba kama kifaranga kilichopotea.

Mama Ngoie akaacha kuchambua mboga ya lengalenga. "Ile iko foni. Muko munaongea na nani?"

Foni, ile redio ya kuitia miji mingine, siku zile ilipeleka watu gerezani. Akatoka bila kuaga. Kyungu naye akaenda kuchota maji.

Jua lilikuwa bado kali, askari wawili wa Base, kambi ya jeshi, wakaingia. "Nani iko na foni hapa?"

Ilunga akakiinua kichezo. "Iko muchezo tu, chef. Musikilize."

Akapiga wimbo mzima. Wakatazamana, wakabeba kichezo na spika, wakaniachia mwanangu.

Tangu pale nilimwangalia Mama Ngoie kwa jicho la pembeni. Juzi, nilipomkumbusha, Kyungu akacheka: "Mama, njo minyi niliwaita baaskari, kule ku bomba. Nilizani batapenda muziki."

Labda. Lakini kitenge cha kijani cha Mama Ngoie nilikiona mlangoni siku ile, kikitangulia bunduki zao. Kama nimekosea, aliyekuwepo anisahihishe.