Miguu Iliyonyamaza

Watu wa Garissa hawakimbii bila sababu. Ukimwona mtu mzima hapa anakimbia, tena mwenye ndevu zilizotiwa hina, basi ama mifugo yake imepotea ama kuna mtu anamfukuza. Ndiyo maana asubuhi ya kwanza nilipotoka nyumbani nimevaa raba na suruali ya mazoezi, jirani yangu mmoja aliacha chai yake, akakimbia kando yangu hatua kadhaa akiwa amejishikilia kikoi, akaniuliza kwa huruma ni nani amefariki. Nilimwambia hakuna aliyefariki. Nilikuwa nakimbia ili huyo marehemu asiwe mimi.

Mimi ni dalali katika soko la mifugo. Kazi yangu ni kusimama kati ya muuzaji na mnunuzi, kupiga domo hadi koo likauke, kisha kunywa chai. Chai yetu inachemshwa na maziwa na sukari pamoja, na mtu akikupunguzia sukari unamwona mchoyo. Nilikunywa chai hiyo maisha yangu yote. Siku daktari aliponiambia nina kisukari sikushangaa, nilikasirika tu, kama mtu anayetozwa faini kwa kosa analofanya kila mtu. Alinipa vidonge, akaniambia nitembee sana na nichunge miguu yangu. Kutembea nilikuelewa. Kuchunga najua kunahusu mbuzi.

Kumbe nilikuwa na sababu ya kuogopa. Miguu ilikuwa ikiniwaka. Nikijilaza, nyayo zilichoma kana kwamba nimekanyaga majivu ya moto, nikawa nalala nimeitoa miguu nje ya shuka na mke wangu akiipepea kwa kipande cha katoni. Basi nikaanza kukimbia. Mwanzo ilikuwa aibu tupu, tumbo likitangulia na mimi nikifuata. Lakini miezi ilivyosonga tumbo lilipungua, pumzi ikafunguka, na siku moja nikagundua kwamba nyayo haziwaki tena. Zilikuwa zimetulia tuli. Nilimshukuru Mungu kwa machozi. Sokoni nikageuka mhubiri, kila mwenye sukari nilimkamata mkono nikimwambia aachane na uvivu, akimbie, moto wa miguu utazimika kama ulivyozimika kwangu.

Sikujua kwamba moto ule ndio uliokuwa uhai wa miguu yangu. Nani angeniambia? Maumivu yakiisha, mtu hushukuru, haulizi yamekwenda wapi.

Nikaanza kuingia mashindano. Kwetu hayakosi: leo mbio za amani, kesho mbio za kuchangia masomo ya wasichana, keshokutwa za kuhamasisha watu kupima damu. Mbele wanakimbia askari vijana na wanafunzi wa chuo, wamekonda kama fito, na nyuma kabisa nakimbia mimi na pikipiki ya msalaba mwekundu iliyochoka kunisubiri. Nilikuwa wa mwisho kwa raha zangu. Ningeweza kukimbia nyuma ya kila binadamu duniani mradi nikimbie. Kwenye barabara ile, jua likiwa bado halijakasirika, sikuwa dalali wala mgonjwa. Nilijipenda, na si jambo nililozoea.

Sasa niseme habari ya kitambulisho. Kwa mtu mwenye sura yangu na jina langu, ambaye askari humdhania kuwa mgeni wa nchi jirani, kutoka nyumbani bila kitambulisho ni kama kutoka bila suruali. Barabarani, darajani, penye kizuizi chochote, neno la kwanza ni hilo. Siku za mazoezi nilikiweka katika mfuko wenye zipu. Siku ya mbio ninazosimulia nilivaa kaptura ndefu mpya, ya kufunika magoti kama inavyotakiwa, na fundi hakuitia mfuko. Nikafanya wanavyofanya vijana wengi wanaokimbia hapa mjini, nikakichomeka ndani ya kiatu, ubavuni mwa unyayo wa kushoto, nikakaza kamba.

Njia ilikuwa kutoka mjini, kuvuka daraja hadi Madogo, na kurudi. Kwenda kulikuwa shangwe, polisi walikuwa wamezuia magari na watu wanapiga makofi. Kurudi kulikuwa kwangu peke yangu. Jua lilikuwa limeshapanda, barabara imefunguliwa, malori yananipulizia moshi, na pale darajani abiria wa basi walikuwa wameteremshwa wamepanga foleni, kila mmoja ameshika kadi yake. Askari mmoja ambaye sikuwahi kumwona aliniinulia mkono. Namba niliyobandikwa kifuani haikumsaidia kitu. Nikaketi juu ya jiwe, nikavua kiatu.

Soksi ilikuwa nyekundu. Nikaivuta, na kitambulisho hakikutoka, kwa sababu pembe yake ilikuwa imezama katika nyama ya mguu wangu. Nilikichomoa kama mtu anayechomoa kisu kwenye tikiti. Damu ikamwagika juu ya lami.

"Mzee, si unavuja damu," askari alisema. "Na hausikii?"

Nilimwambia nimezoea. Alikishika kitambulisho kwa ncha za vidole, akatazama picha, akanitazama mimi, kisha akanirudishia na kunishauri niingie kwenye basi wanipeleke hospitali. Nilikataa. Nilifunga mguu kwa leso, nikavaa kiatu, nikakimbia hadi mwisho, nikavishwa medali wakati watu wa viti wanakunja hema. Nilijiona dume kweli kweli. Nyumbani mke wangu aliosha kidonda, akakibonyeza, akauliza kama kinauma. Nikasema hata kidogo. Yeye hakufurahi. Aliniambia twende hospitali, na nikamjibu vibaya, nikamwambia asinitafutie magonjwa mengine, nililonalo linanitosha.

Kidonda hakikufunga. Mguu ukavimba, ukawa mwekundu na wa moto hata kiatu hakikuingia. Hapo ndipo mama yangu alipochukua hatua. Alimpigia simu kaka yake aliye Kotile, abti wangu, mzee ambaye amechoma moto ngamia na watu wengi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kwetu kuchomwa si ajabu. Ugonjwa ukikaidi dawa, unachomwa. Tumboni mimi nina alama nilizochomwa utotoni nilipokuwa na ugonjwa wa manjano, na nakumbuka uchungu wake vizuri sana. Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika, na watu wazima walinikalia ili nisiruke.

Basi abti alikuja. Alikaa uani kwetu, akachonga ncha ya kijiti, akakiweka kwenye makaa. Wanaume wawili wa ukoo walinishika mabega, mama akasimama kando akisoma dua, na mimi nikafumba macho, nikasema bismillahi, nikauma meno nikingoja. Nikangoja. Nikasikia harufu ya nyama inayoungua, nikadhani jirani anachoma mbuzi. Nilipofumbua macho abti alikuwa akichoma mahali pa tatu, kuzunguka kifundo cha mguu.

Wale walionishika walikuwa wameniachia mabega, kwa kuwa sikutikisika. Mama alipiga vigelegele. Abti alipangusa jasho, akaniwekea mkono kichwani, akaniita kwa neno lile lile ninalomwita yeye.

"Abti, nimechoma wanaume wengi," akasema. "Aliyenyamaza ni wewe tu."

Nikatabasamu. Sifa ile ilizunguka mtaa kabla ya swala ya alasiri, na waliokuja kunijulia hali walinitazama kwa heshima. Lakini mimi nilijua. Sikuwa nimevumilia kitu. Moto ulikuwa umewekwa juu ya mwili wangu na mwili haukuwa na habari. Nilipobaki na mke wangu nilimwambia, na alinishika mguu kwa mikono yote miwili, akaufinya kwa nguvu zake zote huku akinitazama usoni, na mimi nikawa namwomba afinye zaidi. Alilia yeye. Mimi sikuweza hata kulia.

Zile sehemu tatu zilizochomwa zikaoza pamoja na kidonda cha kwanza. Nzi walijua kabla yetu. Vidole vikabadilika rangi, na homa ikanipanda nikaanza kumwita baba yangu aliyekufa zamani. Mke wangu hakuuliza mtu tena, alikodi tuktuk, akanipeleka hospitali akiwa amenikumbatia njia nzima.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa kutoka bara, mpole lakini asiyezunguka maneno. Alisema sumu inapanda, mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe haraka. Nilimwambia hapana. Nilimwambia mimi ni mkimbiaji. Sijui kwa nini nilichagua neno hilo katika maneno yote, mtu wa mwisho katika kila mbio, lakini ndilo lililotoka.

Na hata kama ningekubali, kwetu mguu wa mtu si wake peke yake. Wazee wa ukoo walikuja wakaketi chini ya kivuli cha ukuta wa hospitali, wakaanza kikao. Mama alisema mwanawe atarudi kwa Mola akiwa kamili kama alivyomzaa. Abti alisema moto ulichelewa, achome tena juu ya goti auzuie ugonjwa usivuke. Mwingine akataka nipelekwe Nairobi, mwingine akataka kwanza wasubiriwe ndugu walioko Wajir. Walikwenda kuswali, wakarudi, wakaendelea. Nilikuwa nawasikia kupitia dirishani. Nilitaka wamalize upesi, na nilitaka wasimalize kamwe. Nikaomba. Nilimwahidi Mungu kila kitu nilichokuwa nacho na vingine nisivyokuwa navyo, nikamwambia achukue macho, achukue mkono, aniachie mguu. Maji yalikuwa yamenifika shingoni na bado nilikuwa nafanya udalali.

Siku ya pili ya kikao kile, mke wangu alitoka wodini akaenda akasimama mbele ya wanaume wote wale. Mwanamke wetu hafanyi hivyo. Alikuwa ameshika viatu vyake mkononi, na sauti yake niliisikia kuliko zote.

"Nyinyi endeleeni kukaa," alisema. "Mkimaliza mtakuta miguu yake yote miwili iko salama, na mtamzika nayo."

Alipoingia ndani nilimwambia amwite daktari. Nilimwambia daktari akate, nikageukia ukutani.

Siku zilizofuata sitaki kuzisimulia sana. Mama alikaa kando ya kitanda akikwepa kutazama mahali shuka ilipolala bapa. Mguu uliokatwa, ambao ulipokuwa hai haukusikia moto, sasa ulikuwa ukiuma mahali ambapo haupo. Nilicheka niliposikia hivyo, cheko ambalo lilimtisha muuguzi. Kuna asubuhi niliona bora ningezikwa na nilimwambia mke wangu hivyo waziwazi, naye akanitandika kofi la begani, mwanamke huyo ambaye hajawahi kuninyanyulia hata sauti.

Kilichoniinua ni simu. Mpwa wangu alinitumia video ya mtu anayekimbia kwa mguu wa chuma. Niliitazama hadi chaji ikaisha. Mtu yule hakuwa malaika, alikuwa na kitambi kidogo kama changu. Nikaanza kupiga hesabu za maisha upya. Ninao mguu wa kulia, mzima, hauna hata mkwaruzo. Nikaanza kuuambia maneno matamu, nikaupaka mafuta, nikaukunja na kuukunjua juu ya godoro. Nilimuuliza daktari miguu ya chuma inapatikana wapi, na kama mtu wa umri wangu anaweza kuizoea. Akasema inapatikana, na kwamba kila kitu kitategemea ule uliobaki. Tusubiri kwanza aupime.

Alikuja asubuhi moja akiwa na kijiti chembamba chenye uzi mgumu wa plastiki mwishoni, mfano wa uzi wa kuvulia samaki. Alinieleza kazi yenyewe. Nifumbe macho, yeye atanigusa unyayo sehemu mbalimbali, na kila nikisikia ameugusa niseme ndiyo. Ilikuwa rahisi. Mke wangu alinishika mkono. Nilifumba macho, nikatega mwili wote kama mtu anayetegea sauti mlangoni, neno lile likiwa tayari mdomoni.

Nilisikia feni. Nilisikia mtu akikohoa kitanda cha pili. Nilisikia mkono wa mke wangu ukilegea ndani ya wangu, kisha ukanibana kwa nguvu, na sikuelewa kwa nini.

Nikamwambia daktari asinionee huruma, niko tayari, aanze tu.

"Nimeshamaliza," akasema.