Jioni Mjukuu Wangu Alipoanzisha Juu

Kwetu kanisani hakuna kinanda. Anasimama mtu mmoja, anatoa mstari wa kwanza kwa koo lake, nasi tunaufuata pale pale alipouweka. Akiuweka juu mno, harudii. Hiyo ni ibada, si mazoezi. Anaenda nao hivyo hivyo, na sisi kina mama wazee tunampokea kwa sauti nzito ya chini, ili watu wapate pa kupumulia. Ndivyo nilivyomfundisha mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu, alifariki na kumwacha kwangu angali mchanga, na mimi shule niliiacha mapema. Nilichokuwa nacho ni nyimbo.

Alikuwa akiimba matangani kabla hajajua kusoma vizuri. Watu wasiotujua walituma pikipiki imchukue. Alipokua alienda Nairobi, akawa anaitikia nyuma ya waimbaji wengine studioni. Wao wakatajwa redioni, yeye hapana. Kisha akaingia hotelini kuimba zile nyimbo za Kizungu za mapenzi, za polepole, zinazotoka kifuani. Nilimwambia wazi kwamba sizipendi. Akasema, sawa shosho, akaendelea. Mwishowe wakala akampeleka Doha, na huko ndiko alikonitumia tiketi nikamwone.

Anakaa mtaa wa Al Mansoura, chumba kimoja na msichana wa Uganda. Siku ya Ijumaa tulienda kanisani, maana huko Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko. Ibada inaisha kwa saa kamili kwa sababu kuna kundi lingine mlangoni linangoja ukumbi. Nikaona watu wanaimba na mjukuu wangu amefunga mdomo. Tulipotoka nikamuuliza kama kuokoka kwa huku ni kuacha na nyimbo pia.

Akanieleza. Hoteli ilikuwa imepata meneja mpya, naye alilalamika kwamba anaimba kama yuko kanisani, wageni wanaacha kula. Alitaka sauti laini, kama redio iliyo chumba cha pili. Kesho yake jioni angekaa amsikilize. Asiporidhika, mkataba hauongezwi, na ukikosa kazi kule umekosa na ruhusa ya kukaa. Kwa hiyo alikuwa anaitunza sauti. Mimi niliona pia kwamba anaogopa.

Nikamwambia twende wote. Jioni hiyo ilipofika tulipanda treni hadi Lusail, iliko hoteli. Mlinzi wa mlango wa hoteli alikuwa Mkenya, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu.

"Shosho, umekuja kula ama kukagua?"

Nikamjibu nitaanza na kukagua. Akacheka, akanifungulia.

Walinikalisha kando ya nguzo, nikaletewa juisi. Meneja alikaa meza ya mbele, mikono kifuani. Nyimbo za kwanza mjukuu wangu aliimba kama alivyoagizwa. Iliniuma. Ilikuwa kama kumwona mtu akitembea na viatu vya mwenzake. Lakini meneja alikuwa akitikisa kichwa kukubali, vijiko vikilia kwenye sahani, nikajiambia, basi, kazi haijapotea.

Wimbo uliofuata unaanza kwa sauti tupu, bendi inangoja. Akafumba macho, na nafikiri hapo alisahau alipo. Akaanzisha kama nyumbani, na akauweka juu mno. Wanabendi wakainua mikono kutoka kwenye vyombo, wakimngoja aanze upya. Kwao mtu anarudia tu. Lakini huyo mtoto hajui kurudia. Akaingia mstari wa pili peke yake, mshipa wa shingo umesimama, na meneja akageuka kumtazama mpiga kinanda.

Nilijua asipopata mtu wa chini, sauti itakatika mbele ya huyo mwanamume. Nikampokea. Maneno ya Kizungu siyajui, nikavuma tu, mdomo umefungwa, pale chini ninapokaa siku zote. Mama wa meza ya jirani akabaki na kijiko hewani. Mpiga gitaa la besi akatafutatafuta, akanipata, akakaa juu ya sauti yangu. Kinanda kikafuata.

Mtoto alipohisi ardhi chini ya miguu, alipanda. Nimesikia waimbaji tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu, na sijasikia kitu kama kile. Ulikuwa wimbo wa mwanamke anayemwomba mwanamume asiondoke, na mimi mwili wote ulisisimka kama siku ya Pasaka. Hakupiga kelele. Sauti ilipanua ile nyumba. Mhudumu alisimama na sinia, akasahau analipeleka wapi. Mimi mwenyewe nikanyamaza, kwa sababu hakunihitaji tena.

Baadaye meneja alikuja mezani, mjukuu wangu akitafsiri. Alisema mkataba utaongezwa. Wakati wa chakula aimbe laini kama alivyoagizwa. Kwa kuimba kule kwingine atatafuta jioni yake, watu waje kwa hilo tu. Na wageni wasiimbe mezani. Hilo la mwisho lilikuwa langu.

Kwenye treni mtoto alilia kidogo, nikamwacha. Kisha nikamuuliza ile sauti ya mwisho, ile aliyoishikilia hadi bendi ikanyamaza, ameitoa wapi, maana mimi sikumfundisha na wala siwezi kuifikia.

"Sijui, shosho," akasema. "Hata mimi nimeisikia leo."

Nilimshika mkono hadi kituo chetu.