Tulipojenga Bondeni

Tulikiona kiwanja kile mwezi wa Januari, wakati udongo wake mweusi ulikuwa umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Kilikuwa nyuma ya mtaa wa Kayole, chini kabisa, mahali ardhi inapoteremkia mtoni. Mume wangu alikitembea kutoka kona hadi kona, akaokota bonge la udongo, akalivunja kiganjani.

"Ni pakavu," akasema.

Mimi nilikuwa nimechoka. Tuliishi chumba kimoja cha kupanga, sisi, watoto watatu na mama mkwe aliyepooza upande mmoja. Nikakubali haraka.

Mume wangu ni mchonga vinyago, kama baba yake huko Ukambani. Mimi ni karani katika ghala moja la Industrial Area. Tulimpata fundi, akaanza kuchimba msingi. Alipofika futi tatu maji yalianza kutoka ardhini, na mvua haijanyesha hata tone. Fundi alitoka shimoni, akaketi juu ya lundo la udongo.

"Mathe, hapa ni kubaya," akaniambia. "Mchimbe mpaka mwamba, ama muache."

Kufika kwenye mwamba hatungeweza. Kuacha, mume wangu hakutaka hata kusikia. Tulijaza mawe, tukainua msingi kidogo, tukahamia madirisha yakiwa bado yamezibwa kwa magunia.

Mwaka wa kwanza maji yaliishia kizingitini, nikamshukuru Mungu. Mwaka wa pili jirani wa upande wa juu alijenga ukuta wa mawe, na maji yote yaliyokuwa yakipita kwake yakageukia kwetu. Siku mvua kubwa iliponyesha nilikuwa kazini, saa sita mchana, jirani mwingine aliponipigia simu.

"Mama, rudi. Nyanya ako ndani na maji yameingia."

Barabara ilikuwa haipitiki. Nilitembea njia nzima, viatu mkononi. Nilimkuta mume wangu amempandisha mama yake juu ya meza. Maji yalikuwa yamemfika mume wangu kiunoni, meza inataka kuelea, naye anaigandamiza kwa kifua.

"Ng'oa mlango," akasema.

Ulikuwa mlango wa mvule aliouchonga kwa mkono wake, miezi miwili mizima. Tuliung'oa, tukamlaza mama juu yake, tukambeba pamoja na majirani hadi kanisani, kule juu. Hakulia. Tulipomkalisha alimshika mwanawe mkono.

"Mwanangu, nirudishe nyumbani. Sitaki kufia majini."

Tulimpeleka Ukambani wiki hiyo. Hakumaliza mwaka.

Baada ya mazishi nilidhani mume wangu atakata tamaa na kile kiwanja, na nilitamani akate. Badala yake aliita lori la vifusi, akainua sakafu. Mvua iliyofuata ikaifunika, akainua tena. Ikafika mahali madirisha yakawa usawa wa magoti, na yeye, mtu mrefu, akawa anainama ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Baba watoto, tutainua hadi wapi?" nilimuuliza.

"Hadi pakauke."

"Na vichwa vikifika kwenye mabati?"

Aliendelea kushindilia udongo, akinipa mgongo. Kitinda mimba wetu alikuwa anakohoa tangu Machi, na ukutani, nyuma ya kitanda chake, ukungu ulikuwa umepanda hadi mahali anapolaza kichwa. Niliwachukua watoto nikapanga chumba mtaa wa Umoja. Sikumwambia ninamwacha, na yeye hakuniuliza.

Kila Jumapili baada ya ibada nampelekea chakula. Jumapili iliyopita mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Nilimkuta juu ya nyumba anang'oa mabati. Alitaka kuongeza mistari miwili ya mawe, apate pa kusimama. Amekonda, na kucha zake ni nyeusi kwa udongo ule.

Nilimwomba ashuke tuondoke. Nilimwomba mara tatu, mara ya mwisho nikilia.

"Nishikie ngazi kwanza," akasema.

Miguu ya ngazi ilikuwa inadidimia matopeni. Nikaweka sufuria chini, nikaishika.